Mr. Bean hakufundishi Kiingereza mpaka umsaidie

Vijana wetu wa Pwani husoma Kiingereza tangu darasa la kwanza, lakini wakiitwa kwenye usaili wa kazi ya hoteli ulimi huwa mzito. Insha wanaiweza. Kinachowashinda ni ufagio, dekio na foronya.

Hapo video za kuchekesha zinafaa. Neno ukiliona likifanya kazi, tena ukacheka, halitoki kichwani upesi. Ila Mr. Bean, aliyeanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 1990, hasemi karibu lolote. Ukimtazama hivi hivi utaambulia kicheko tu. Basi sema wewe kwa Kiingereza: anavaa soksi, anafunga sanduku, amemwaga maji. Ukikwama, simamisha video, tafuta neno, kisha rudia.

Mind Your Language ya mwaka 1977, ile ya darasa la wageni mjini London, ina maneno tele. Lakini kichekesho chake ni makosa ya wanafunzi. Wacheke wao, muige mwalimu, Bwana Brown. (Kejeli zake kwa mataifa ya watu ziache huko huko.)

Sikiliza hasa maneno yanayotutega sisi Waswahili. Kwetu "kuazima" ni kwa anayechukua na anayetoa. Waingereza wameyatenga: anayechukua ni "borrow", anayetoa ni "lend". Ndiyo maana mtu husema "borrow me your pen" akachekwa. Kipande chenye neno hilo kiigizeni wawili, mmoja aombe kalamu, mwingine atoe, kisha mbadilishane.