Maumivu ya Mkono Yatokayo Shingoni
Neno mshipa hutajia njia ya damu, njia ya fahamu, na hata ngiri. Kwa hiyo mgonjwa asemapo kwamba mshipa wa mkono unamuuma, husuguliwa mkono, ilhali huenda asili ya maumivu i shingoni.

Shingoni mna pingili saba, na jozi nane za mishipa ya fahamu. Umri uzidipo, visahani vilivyo kati ya pingili hunywea, mifupa huota vinundu, na matundu yapitiwayo na mishipa hiyo hupungua upana. Mshipa wa sita ubanwapo, maumivu aghalabu hushuka hadi kidole gumba. Wa saba, hadi kidole cha kati. Mkono ukidhoofu, au miguu ikilegea, tabibu na aonwe upesi.