Miwani ya Uhalisia Pepe na Uchungu wa Uzazi: Tujifunze Nini?

Katika baadhi ya hospitali za Marekani na Uingereza, mama aliye katika uchungu huweza kuvishwa miwani maalumu inayofunika macho yote mawili. Ndani yake huona ufukwe, msitu au anga yenye nyota, na kila ageuzapo kichwa mandhari nayo hugeuka. Masikioni husikia sauti tulivu inayomwongoza kupumua. Teknolojia hii huitwa uhalisia pepe.

Miwani hii si dawa, wala haiondoi mikazo ya mji wa mimba. Kazi yake ni kuvuta fikra. Ubongo hauwezi kushughulikia mambo mengi kwa uzito uleule. Ukivutwa na jambo jingine, nafasi ya kuyazingatia maumivu hupungua. Hofu nayo huongeza maumivu, hivyo mama aliyetulia huyamudu zaidi. Kabla ya kufika katika vyumba vya kujifungulia, mbinu hii ilijaribiwa mjini Seattle kwa majeruhi wa moto wakati wa kusafishwa vidonda.

Katika hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, wanawake 40 waliokuwa wakijifungua kwa mara ya kwanza waligawanywa katika makundi mawili. Waliovaa miwani kwa muda usiozidi dakika 30 walipata nafuu ya takribani nusu alama katika kipimo cha 0 hadi 10, ilhali maumivu ya wenzao yaliongezeka kwa kiasi kama hicho. Nafuu hiyo ni ndogo, lakini ni nafuu. Hata hivyo, baadhi ya watumiaji hupata kizunguzungu au kichefuchefu, na mwenye kifafa hashauriwi kuitumia.

Vituo vya halmashauri yetu havina miwani hiyo. Hata hivyo, msingi wake, yaani utulivu na kutoachwa mpweke, hauhitaji umeme. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mama awe na msindikizaji amtakaye wakati wa kujifungua, asaidiwe kwa mbinu za kupumua, kukandwa mgongo au kuwekewa kitambaa chenye joto, na ahimizwe kutembea na kubadilisha mkao iwapo hali yake inaruhusu.

Mama mjamzito anashauriwa:

1. Kumuuliza mkunga, katika hudhurio la kliniki, utaratibu wa kituo kuhusu msindikizaji na njia za kupunguza maumivu zilizopo.
2. Kumchagua msindikizaji mapema, awe mume, mama, dada au wifi, na kuhudhuria naye kliniki angalau mara moja.
3. Kujizoeza kupumua taratibu kabla ya siku kufika.
4. Kutotumia dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, kwani huweza kusababisha mikazo mikali na kuhatarisha mama na mtoto.

Izingatiwe kwamba si kila maumivu ni ya kuvumiliwa nyumbani. Damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, degedege, homa kali, au mtoto kupunguza kucheza ni dalili za hatari. Mama apelekwe kituoni mara moja, usiku au mchana.

Mama anayeogopa kuachwa peke yake huweza kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa huko hugharimu maisha. Familia iliyojiandaa kumsindikiza humpunguzia hofu hiyo kabla uchungu haujaanza.