SILAHA ZIKINYAMAZA, KAZI NDIYO INAANZA



Tukisikia redioni kwamba pande mbili zimesimamisha mapigano, wengi wetu husema, "Haya, amani imekuja." La, bado. Kusimamisha mapigano ni kuweka silaha chini ili watu waweze kuongea. Amani ni kumaliza lile jambo lililowafanya wachukue silaha. Tuangalie Sudan, kwa maana sehemu ya habari hiyo ilifanyika jirani zetu, Machakos.

Mkataba uliovunjwa

Vita vya kwanza vya Kaskazini na Kusini viliisha 1972 kwa mkataba wa Addis Ababa, na viongozi wa makanisa walisaidia kuwapatanisha. Kusini ikapata serikali yake ya jimbo. Lakini mwaka 1983 Rais Nimeiri aliigawanya Kusini na kuleta sheria ya Kiislamu nchi nzima. Vita vikarudi.

Mazungumzo ya Machakos

Tarehe 20 Julai 2002, mbele ya mpatanishi wetu, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, pande zote zilikubaliana mambo mawili makubwa: sheria ya Kiislamu isitumike Kusini, na baada ya miaka sita ya mpito watu wa Kusini wapige kura kuamua kama watajitenga. Lakini bunduki zilikuwa bado zinalia. Septemba waasi waliteka mji wa Torit, na serikali ikatoka kwenye mazungumzo. Oktoba wakakubali kusimamisha mapigano, ndipo wakarudi mezani. Mkataba kamili ulitiwa sahihi Nairobi, 9 Januari 2005.

Sudan Kusini ikapata uhuru 9 Julai 2011. Hata hivyo, shauri la eneo la Abyei liliachwa bila kumalizwa. Desemba 2013 watu wa Kusini wenyewe wakaanza kupigana, na ikabidi mkataba mwingine mwaka 2018. Kule Sudan nako, vita vipya vililipuka Khartoum Aprili 2023.

Wananchi wa Wunlit

Sasa sikieni jambo la kutia moyo. Baada ya waasi kugawanyika 1991, Wadinka na Wanuer waliuana na kuibiana ng'ombe miaka mingi. Mwaka 1999 Baraza la Makanisa la Sudan Mpya liliwakutanisha machifu, wazee na akina mama kijijini Wunlit. Walichinja fahali mweupe kama kiapo. Kila upande ulieleza machungu yake, mwingine ukisikiliza. Halafu wakapatana juu ya malisho, maji, na kuwarudisha wanawake na watoto waliotekwa. Mapatano yao yaligusa maisha ya kila siku, ndiyo maana watu waliyaelewa.

Sisi je?

Hata hapa kwetu tunajua ugomvi wa malisho na maji, hasa mashariki mwa Kitui wakati wa kiangazi, na ugomvi wa mipaka ya shamba. Chifu akituliza watu barazani, msirudi nyumbani mkidhani yamekwisha. Kila upande usikilizwe mpaka mwisho. Mapatano yaandikwe, mashahidi waweke sahihi. Jambo lililobaki lisifichwe, lipangiwe siku yake.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni ugomvi gani kwetu umetulizwa tu, haujamalizwa?
2. Ni nani hajapewa nafasi ya kusema?
3. Tutakutana lini tena kuangalia kama mapatano yanafuatwa?