Chango Linalokataa Dawa

Kwenye mialo ya Ziwa Victoria, kuanzia Mwaloni Kirumba hadi visiwa vya Ukerewe, mwanamke anayeanika dagaa au kuuza samaki haachi kazi kwa sababu ya tumbo la hedhi. Msichana wa shule naye huambiwa kwamba hilo ni chango tu, avumilie, akizaa litakwisha. Wanaotoa ushauri huo wanamtakia mema, lakini naupinga kwa nguvu zote. Uvumilivu unamtesa msichana bila sababu, kisha unamficha ugonjwa ambao huenda anao. Maumivu ya hedhi yakitibiwa ipasavyo, tiba yenyewe huwa kipimo. Chango la kawaida mara nyingi hulegea, na lisipolegea tumepata sababu ya kuchunguza zaidi.

Hedhi inapokaribia, homoni ya projesteroni hushuka, na utando wa ndani wa mji wa mimba hutengeneza kwa wingi kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoufanya msuli wa mji wa mimba ujikaze na kuutoa utando huo. Zikizidi, msuli hujikaza mno, mishipa ya damu iliyomo hubanwa, na nyama iliyokosa oksijeni huuma. Wanawake wenye maumivu makali wamepimwa na kukutwa na prostaglandini nyingi kuliko wasioumwa. Kemikali hizo huchangia pia kichefuchefu na kuharisha. Kwa hiyo msichana anayetapika siku ya kwanza hadeki; mwili wake una ziada ya kitu kinachojulikana na kinachozuilika.

Mwaka 1971 mtafiti Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamii yake huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kazi iliyomfanya awe mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazopatikana hata kwenye maduka ya dawa ya mitaani, hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Zinazuia kemikali mpya, lakini hazifuti zilizokwisha kutengenezwa. Anayesubiri mpaka ajikunje ndipo ameze kidonge kimoja amechelewa, na atasema dawa haimfai. Inafaa kuanza pale dalili ya kwanza inapojitokeza au damu inapoonekana. Kwa mtu mzima asiye na katazo, ni miligramu 400 za ibuprofeni baada ya chakula, kila baada ya saa 8, kwa siku mbili au tatu tu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 80 na wanawake zaidi ya 5,800, yalikadiria kwamba ikiwa wanawake 18 kati ya 100 hupata nafuu ya kuridhisha kwa kidonge kisicho na dawa ndani yake, kwa dawa za kundi hili hufikia kati ya 45 na 53. Parasetamoli, ambayo wengi huikimbilia kwanza, ilionekana kuwa dhaifu kuliko dawa hizo.

Hesabu hiyo inasema pia kwamba wengi hawatoshelezwi na vidonge peke yake. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa chini ya kitovu husaidia kweli, tena bei yake ni ndogo. Mazoezi ya mara kwa mara kwa wiki kadhaa hupunguza ukali. Vidonge vya uzazi wa mpango huufanya utando uwe mwembamba, na prostaglandini hupungua pamoja nao. Kwa mwanamke asiyetaka mimba kwa sasa hilo ni chaguo halali la tiba, ingawa mbele ya wazazi wengi ni vigumu hata kulitaja.

Wapo wanaohofu kwamba dawa hizi huua kizazi au humfanya mtu awe mtumwa wake. Ibuprofeni haileti uraibu, na kuitumia siku mbili au tatu kwa mwezi hakumfanyi mwanamke kuwa tasa. Hofu ya wahudumu wa afya kuhusu tumbo na figo ina msingi zaidi, nami naikubali. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na aspirini, au mwenye shaka ya ujauzito asimeze bila kumwona mhudumu, na mtu yeyote asichanganye ibuprofeni na diklofenaki. Ama lile la akizaa litakwisha, ni kweli kwamba baadhi hupata nafuu baada ya kujifungua, lakini kumwambia hivyo binti wa miaka 14 si matibabu.

Upande wa pili wa ziwa, nchini Uganda, jaribio la MENISCUS katika shule 60 za sekondari liliwapa wasichana elimu ya hedhi, vifaa vya kujihifadhi na mbinu za kupunguza maumivu. Alama za mitihani hazikupanda, na kuna atakayesema basi ni kupoteza fedha. Lakini wasichana walijifunza kuyadhibiti maumivu vizuri zaidi, na sioni kwa nini nafuu ya mgonjwa ingoje kuthibitishwa na mtihani wa hesabu.

Sasa lile chango linalokataa dawa iliyotumiwa sawasawa kwa miezi mitatu hivi, au linalouma hata nje ya siku za hedhi, au lililoanza ukubwani. Si uthibitisho wa ugonjwa, ila latosha kumpeleka mtu hospitali. Huenda ni endometriosisi, uvimbe wa mji wa mimba au maambukizi ya nyonga. Kanda ya Ziwa tuna la ziada, kichocho cha via vya uzazi. Ziwani kwenyewe kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Kile cha mkojo huenea zaidi kwenye mabwawa na vijito vya bara, ambako wanawake huchota maji na kufua. Mayai ya minyoo ya kichocho cha mkojo hukwama kwenye shingo ya kizazi na kuleta maumivu ya nyonga, uchafu ukeni na damu baada ya tendo la ndoa, dalili zinazodhaniwa kirahisi kuwa za magonjwa ya zinaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 miongoni mwa wanawake wa vijijini Mwanza ulihusisha pia kichocho cha mkojo na maambukizi ya VVU. Mkojo unaweza kuonekana safi ilhali mayai yamo kwenye shingo ya kizazi, kwa hiyo mgonjwa aseme wazi kwamba alikua akioga au kufua bwawani, na aombe shingo ya kizazi itazamwe. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo hao, lakini makovu ya muda mrefu huweza kubaki. Ugawaji wake wa mara kwa mara umelenga hasa watoto wa shule za msingi, na mwanamke mwenye chango la miaka kumi hayumo kwenye foleni hiyo.