Kutoka huduma za jamii hadi bungeni: Mbona Homa Bay yafaulu na Migori yakwama?

Kaunti za Homa Bay na Migori ni majirani waliokuwa chini ya paa moja hadi miaka ya tisini, zilipokuwa sehemu ya wilaya ya Kusini mwa Nyanza. Kila moja ina maeneobunge manane, na katika kila moja kazi ya kuwatunza wajane, mayatima na wasichana walioacha shule imebebwa kwa miaka mingi na wanawake wanaoongoza mashirika na vikundi vya kijamii.

Hata hivyo, ukihesabu wanawake waliovuka kutoka kazi hiyo na nyinginezo hadi Bunge la Taifa kwa kura za eneobunge, majirani hao wanaachana. Katika uchaguzi wa 2017, Homa Bay ilichagua wanawake watatu: Bi Millie Odhiambo-Mabona (Suba Kaskazini), Dkt Lillian Gogo (Rangwe) na Bi Eve Obara (Kabondo Kasipul). Wote watatu walirejeshwa na wapigakura mnamo 2022. Migori, kwa upande wake, haikumchagua mwanamke hata mmoja katika maeneobunge yake manane, si 2013, si 2017 wala 2022.

Huku Uchaguzi Mkuu ukiwa umepangwa kufanyika Agosti 10, 2027, ni vyema kueleza jinsi njia hiyo ilivyofunguliwa, sheria inavyomtaka anayeipita afanye, na mahali inapozibika.

ASIYO ALITANGULIA

Aliyeipasua njia hiyo ni marehemu Phoebe Asiyo, aliyeaga dunia nchini Marekani mnamo Julai 2025 akiwa na umri wa miaka 92. Kabla ya kuingia siasani alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza shirika la Maendeleo ya Wanawake, lililoundwa mnamo 1952 chini ya serikali ya kikoloni, na baadaye akawa afisa wa ngazi ya juu katika idara ya magereza. Jina lake lilifahamika katika vikundi vya akina mama kabla halijaonekana kwenye karatasi ya kura.

Mnamo 1979 alichaguliwa mbunge wa Karachuonyo, na akarejea bungeni kupitia uchaguzi wa vyama vingi wa 1992. Mwaka 1997 aliwasilisha hoja ya kutaka hatua maalum zichukuliwe ili wanawake wengi zaidi waingie katika uongozi wa kisiasa. Hoja hiyo iliangushwa na Bunge lililojaa wanaume. Hakukata tamaa. Alikuwa miongoni mwa makamishna wa Tume ya Marekebisho ya Katiba iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai, na wazo lililokataliwa 1997 hatimaye lilipata nafasi katika Katiba ya 2010.

Katiba hiyo inasema kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa. Pia iliunda viti 47 vya Wawakilishi wa Wanawake, kimoja kwa kila kaunti, kando ya viti 290 vya maeneobunge na 12 vya wabunge wa kuteuliwa.

KIJITI CHAPOKEWA

Bi Odhiambo-Mabona alifuata nyayo hizo kwa namna yake. Akiwa wakili, alianzisha shirika la The CRADLE linalotetea haki za watoto mahakamani. Aliteuliwa mbunge maalum na chama cha ODM mnamo 2008, na katika kipindi hicho akasukuma mswada uliozaa sheria ya kupambana na ulanguzi wa binadamu ya 2010. Mwaka 2013 aliomba kura Mbita, eneo ambalo sasa ni Suba Kaskazini, akashinda. Haikuwa safari ya kupambwa kwa maua. Wakati wa kura za mchujo za 2017, nyumba yake iliteketezwa kwa moto.

Upande wa Migori, Bi Dennitah Ghati alipata ajali ya barabarani akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na tangu hapo hutumia kiti cha magurudumu. Alianzisha shirika la kuwasaidia wasichana wa Kuria kubaki shuleni na kuepuka ukeketaji, mila ambayo sheria ilipiga marufuku kikamilifu mnamo 2011. Mwaka 2013 alichaguliwa Mwakilishi wa Wanawake wa kwanza wa Migori. Miaka minne baadaye ODM ilimteua bungeni kuwakilisha watu wenye ulemavu.

Haikutokea kwa sadfa kwamba kazi za kijamii huzaa viongozi katika sehemu hii. Utafiti wa serikali wa 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya HIV, na Migori asilimia 13, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.9. Nyuma ya takwimu hizo kuna wajane, nyanya wanaolea wajukuu na vikundi vya kukopeshana pesa. Anayeviongoza vikundi hivyo hujulikana boma hadi boma. Huo ni mtaji ambao mgombea mwenye fedha hawezi kuununua kwa wiki tatu za kampeni.

SHERIA YASEMAJE?

Lakini kujulikana pekee hakutoshi. Afisa wa umma, kwa mfano anayesimamia huduma za jamii katika serikali ya kitaifa au ya kaunti, hutakiwa na Sheria ya Uchaguzi kujiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura. Kwa uchaguzi wa 2027, hiyo ina maana ya kuacha mshahara mapema Februari.

Kiongozi wa shirika lisilo la serikali habanwi na kifungu hicho, ila yapo mengine. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutekelezwa Mei 2024, hukataza shirika kuchangisha fedha au kufanya kampeni ya kumuunga mkono mgombea yeyote. Gari la mradi, basi, si gari la kampeni. Aidha, sheria humzuia anayewania kushiriki michango ya harambee katika miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu. Kwa mtu ambaye sifa yake yote imejengwa kwa kusaidia, huu ni mtihani mgumu: anatakiwa kufunga mkono ule ule uliomfanya apendwe.

MLANGO UNAPOZIBIKA

Kwa nini basi Migori imebaki nyuma? Tiketi ya ODM, ambayo kwa muda mrefu imekuwa ufunguo wa ushindi katika maeneo mengi ya kaunti zote mbili, haielezi tofauti hiyo. Jibu moja limo katika ukubwa wa uwanja. Mwakilishi wa Wanawake hukusanya kura katika kaunti nzima, kwa Waluo, Wakuria na jamii nyinginezo, hivyo upinzani wa ukoo mmoja haumwangushi. Eneobunge ni dogo. Huko, hesabu ya koo hutangulia hesabu ya kazi, na anayepinga ukeketaji hulazimika kuomba baraka za wazee wale wale aliowakosoa.

Jibu la pili ni kiti chenyewe cha kaunti. Kilikusudiwa kuwa ngazi, lakini chaweza kugeuka dari, mwanamke anapoambiwa asiguse eneobunge kwa kuwa "kiti cha akina mama kipo". Homa Bay imeonyesha kwamba ngazi hiyo hupandika. Bi Gladys Wanga alikuwa Mwakilishi wa Wanawake tangu 2013, na mnamo 2022 akachaguliwa gavana.

Kitaifa, wanawake waliochaguliwa katika maeneobunge walikuwa 16 mnamo 2013, kisha 23 mnamo 2017, na 2022 wakakaribia 30 kati ya 290. Hatua zipo, ila kanuni ya thuluthi mbili bado haijatimizwa. Septemba 2020, Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alimshauri Rais kulivunja Bunge kwa kushindwa kupitisha sheria ya kuitekeleza. Bunge halikuvunjwa.

Kwa mjane wa Nyatike au msichana wa Kuria Mashariki, suala hili halihusu hesabu ya viti tu. Bajeti ya dawa, karo na nyumba za kuwahifadhi wasichana wanaokimbia kisu hupitishwa bungeni. Wanaoijua kazi hiyo kwa mikono yao wameshajulikana vijijini. Kilichosalia ni vyama kuwapa tiketi, na wapigakura kuwapima kwa kazi hiyo badala ya kuwauliza wameolewa wapi.