Rutuba ya Maji na Mimea Ieleayo: Somo la Sayansi kwa Darasa la Tano

Katika mazoezi ya kufundisha tumewaona wanachuo wengi wakiandika ubaoni kwamba mmea huhitaji maji, hewa na mwanga, kisha wakasonga mbele. Maneno hayo ni kweli, lakini ni pungufu. Mmea uelao ziwani una maji, hewa na jua mchana kutwa. Mbona basi husongamana katika ghuba moja na kudhoofika katika nyingine?

Mfano ulio karibu nasi ni gugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nalo lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 lilifunga njia za mitumbwi katika ghuba kadhaa, ile ya Winam ikiwa mojawapo. Fukusi waliofunguliwa ziwani katika miaka hiyo walilipunguza sana, lakini baada ya mvua kubwa za mwaka 2006 likazuka tena huko Winam. Mvua huosha udongo, samadi na mbolea za mashambani. Miji nayo huongeza maji machafu. Hivyo vyote huleta naitrojeni, ambayo mmea huitumia kujenga majani, na fosforasi, ambayo huihitaji katika kugawa chembe hai zake na kuongezeka. Mtoto wa mvuvi aambiwaye tu kwamba gugu ni baya hajaelezwa kwa nini baba yake alishindwa kutoka na mtumbwi.

Kwa jaribio la darasani hatushauri gugu maji lenyewe, kwani si vema kulipeleka mahali lisipokuwapo. Tumieni kimea kidogo cha kijani kieleacho juu ya madimbwi, chenye vijani vya ukubwa wa choroko. Hicho huongezeka upesi, na vijani vyake vyahesabika, hivyo somo la hesabu nalo linapata faida.

Chukueni chupa tatu za kioo zenye midomo mipana. Kila moja itiwe nusu lita ya maji ya mvua na vijani 10. Ya kwanza iachwe hivyo. Ya pili iongezwe chembe chache za majivu ya kuni. Ya tatu kijiko kimoja cha maji ya samadi yaliyochujwa kwa kitambaa. Samadi isizidi, ama sivyo maji yataoza na vijani kufa. Ziwekwe zote dirishani pamoja, maji yakipungua yajazwe ya mvua, na wanafunzi wahesabu vijani kila baada ya siku mbili kwa muda wa majuma mawili.

Chupa ya samadi kwa kawaida hushinda. Ile ya majivu ndiyo yenye mafunzo zaidi: majivu yana fosforasi na madini mengine, lakini naitrojeni ya kuni imekwenda na moshi. Kwa hiyo tarajieni ongezeko dogo na majani yaliyofifia. Hapo mwulizeni mwanafunzi mwenyewe ni kitu gani kinachokosekana, wala msiharakishe kumjibu. Kikipungua kirutubisho kimoja tu, wingi wa vingine hausaidii.

Kuna jambo moja linalowapotosha wanafunzi na, tukisema kweli, hata baadhi ya walimu. Katika maji maskini mizizi huwa mirefu kuliko katika maji yenye rutuba. Mtoto ataelekeza kidole kwenye chupa ya kwanza na kusema kwamba mmea huo ndio uliostawi. Msimkemee, maana amechungua vizuri. Mwambieni alinganishe pia idadi ya vijani na rangi yake, halafu ajiulize mmea wenye njaa hurefusha mizizi kutafuta nini. Gugu maji nalo hufanya vivyo hivyo.

Jaribio likiisha, maji yamwagwe katika bustani ya shule, yasimwagwe mtaroni, na vijani vikaushwe juani kabla ya kutupwa.