Mtoto asikimbie mbwa, wala asifiche jeraha

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla hakujapambazuka, watoto wengi wa Dar es Salaam huwa tayari wako njiani kwenda kituo cha daladala. Ni muda huohuo ambao mbwa waliokesha jalalani na nyuma ya mabucha wanarudi mitaani kwa makundi, na mbwa wa ulinzi huchomoka geti linapofunguliwa gari litoke.

Mtoto wa darasa la pili akiona mbwa watatu mbele yake, hutimua mbio. Hajafundishwa vingine. Lakini mbwa hufukuza kinachokimbia, na hata bingwa wa mbio wa shule nzima hamuwezi kwa kasi.

Afundishwe kusimama kama mti: miguu pamoja, mikono imebana mwilini, kimya, bila kumkodolea mbwa macho. Mara nyingi mbwa humnusa aliyetulia na kwenda zake. Kisha arudi nyuma polepole, asimpe mgongo. Wakiwa kundi, aegemee ukuta wasimzunguke. Begi la shule alishike mbele yake, ili mbwa akirukia aume begi. Akiangushwa, ajikunje kifudifudi na mikono ifunike shingo na masikio.

Watu wazima wamezoea kuinama kama wanaookota jiwe, na mbwa wa mtaani wengi hukimbia. Kwa mtoto ni hatari, kwa sababu akiinama uso wake unakuwa sawasawa na meno ya mbwa. Dakika tano za mazoezi uani, baba akiwa ndiye mbwa, zinatosha. Watacheka, lakini watakumbuka.

Kuna jambo zito zaidi. Mtoto aliyeng'atwa mara nyingi haendi kusema. Labda alipita njia aliyokatazwa, labda alimchokoza mbwa wa jirani, au sare imechanika na anaogopa fimbo. Anashusha soksi, jeraha dogo linapona lenyewe, na nyumbani hakuna anayejua.

Kichaa cha mbwa hakijali udogo wa jeraha. Virusi vyake hukaa kwenye mate na husafiri taratibu kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, wakati mwingine zaidi. Dalili zikishaanza, kama kuogopa maji na kuweweseka, karibu kila mgonjwa hufariki dunia. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe "nani kakutuma kupita huko?" Liwe "amekuuma wapi?" Hapohapo jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Saa itazamwe, maana mtoto anayelia huzifanya dakika tatu zionekane nyingi. Pilipili, mafuta ya taa na majani yaliyopondwa havifai kabisa. Vinachubua jeraha na kumchelewesha mtoto kufika hospitali. Aende siku hiyohiyo akapate chanjo, na daktari ataamua kama anahitaji pia sindano ya kinga kwenye jeraha. Mkwaruzo uliotoa damu nao uonyeshwe, na vilevile mate ya mbwa yaliyoingia machoni au mdomoni.

Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali. Wengine hupooza taya, hudondosha mate na kujikunyata pembeni, na mtoto mwenye huruma akamsogelea kumpa maji. Mbwa mdogo aliyeokotwa mtaroni naye anaweza kuwa nacho. Mbwa anayefahamika achungwe kwa siku 10 badala ya kuuawa papo hapo, lakini matibabu ya mtoto yasisubiri siku hizo ziishe.

Wazazi wengine huridhika na sindano ya kwanza jeraha linapokauka, hasa nauli na gharama zinapobana. Chanjo hii hutolewa kwa dozi kadhaa, kila moja na siku yake. Kabla ya kutoka hospitali, tarehe zote ziandikwe kwenye simu na kuwekewa kengele.